Sauti Iliyokataa Vumbi

Alhamisi moja ya mwaka 1953, saa kumi, Papa Callixte, mzee aliyefundisha kwaya, aliwapanga waimbaji wake kumi na wanne kwenye mabenchi ya kanisa dogo, upande wa mlima unaotazama Rubaya, akaanza kama alivyoanza kila Alhamisi: si kwa wimbo, kwa masharti. Mwimbaji alale mapema. Asinywe pombe ya ndizi. Asifokee ng'ombe. Anywe maji ya vuguvugu na asali. Asikae penye moshi wala vumbi.

"Sauti ni mugeni," alisema. "Ukimutunza mubaya, anaenda kwa jirani."

Dancille, aliyeongoza sauti ya kwanza, aliyashika yote isipokuwa hilo la mwisho. Na angelishikaje, jamani? Jumatatu mpaka Jumamosi alikuwa ndani ya nyumba ya kukaushia maua ya pireti kwenye shamba la Mzungu, akiyageuza juu ya sinia za waya, moto chini, vumbi juu. Vumbi hilo huua kunguni, viroboto na nzi. Habari ya watu hakuna aliyeiuliza. Kifua chake kilikuwa kikikwaruza tangu Pasaka. Alitaka kitu kimoja tu, apelekwe nje kuchuma maua na wenzake, penye upepo. Kapita Evode, msimamizi, alimjibu vilevile kila mara.

"Leta karatasi ya muganga, dada. Bila karatasi, miye niko nani?"

Na huyo mganga, yaani muuguzi wa kupima wafanyakazi, alikuwa akipita mara moja tu kila miezi minne.

Wiki iliyofuata, sauti ya Dancille ilikataa kwenda kazini. Ilitoka naye asubuhi, ikafika kwenye kijito, ikasimama. Ilisema imeyasikia masharti ya Papa Callixte kwa miaka sita na sasa inataka kuyafuata. Kisha ikarudi nyumbani. Dancille alitazama jua, akaona anachelewa, akaenda bila sauti.

Mama yake, Nyiraneza, aliipokea vizuri. Aliiwekea kigoda karibu na mlango, akaipa maji ya vuguvugu na asali, na kwa kuwa haipendi moshi, akayahamishia mafiga nje. Hilo la mafiga Dancille alikuwa amemwomba miaka mitano! Jioni aliyakuta nje, akataka kusema neno, akakosa cha kulisemea. Alipiga teke kikapu kitupu, akakiokota, akaenda kuchimba viazi.

Mwanzoni sauti ilimrudia usiku. Siku ya nne ilichungulia kifuani, ikasema humo kumejaa vumbi, haiwezi kulala. Tangu hapo ililala kwenye kigoda, na Jumapili ilikwenda kanisani ikaimba benchini karibu naye, huku yeye akifungua kinywa kwa heshima. Ilinenepa. Ilifika juu kuliko zamani, bila kukwama.

"Munaona?" Papa Callixte aliwaambia wengine. "Dancille ndiyo anajua kuishi. Mumufwate."

Kikohozi chake nacho hakikuwa tena na mlio. Mabega yalipanda, yakashuka, basi. Kapita Evode, aliyekuwa akimwonea huruma kidogo, sasa alipita bila kugeuka.

Mwezi wa nane, wiki moja kabla ya sikukuu ya Mama Maria, Floribert, muuguzi kutoka Walikale, alifika kwa baiskeli kupima wafanyakazi. Dancille alikuwa wa kwanza kwenye mstari, tangu alfajiri. Wanasema mficha maradhi kifo humuumbua. Huyu hakuficha chochote. Alijipiga kifua. Alikohoa mbele yake mpaka akapiga magoti.

"Unasumbuka na nini, mama?" Floribert aliuliza, akangoja. "Kama hausemi, nitaandika nini?"

Evode alieleza kwamba sauti ya Dancille iko nyumbani, si mbali. Floribert hakuona tatizo. Kule Walikale alishawahi kupima kivuli cha mwindaji, mwenyewe akiwa porini. Basi Nyiraneza aliileta, ameifunika kitenge kwa ajili ya vumbi.

Floribert aliweka chombo chake cha kusikilizia juu ya kitenge.

"Sema aaa."

Sauti ikasema aaa. Wanaume kwenye mstari walivua kofia.

"Miye si mugonjwa," ikaendelea. "Mugonjwa iko ule pale. Angalia kifua yake. Mumutoe mu ile nyumba."

Floribert alisikiliza mpaka mwisho, hata akafumba macho.

"Kifua mubaya haiwezi kutoa sauti kama hii," alisema, akaandika kwenye kitabu cha kazi: Muzima, anaweza nyumba ya kukaushia.

Dancille aliukamata mkono wenye kalamu, akautikisa, akautikisa tena, machozi yakimtoka.

"Aksanti na weye, mama," Floribert alimwambia, na akamwita anayefuata.

Siku ya sikukuu kulikuwa na maua mengi mabichi, na moto, kapita alisema, hauna sikukuu. Wenye neno Muzima kitabuni walibaki kazini. Nyiraneza aliibeba sauti mpaka kanisani, kilima cha pili, na baada ya muda Kyrie ya misa ikaja na upepo, ikaingia dirishani, safi kabisa. Papa Callixte alikuwa ameipa sehemu ya peke yake.

"Unaimba muzuri leo, dada," Evode alisema.

Dancille aliinama juu ya sinia. Mabega yake yalipanda na kushuka, yakapanda na kushuka. Evode alitembea nyumba nzima, mwisho mpaka mwisho, ametega sikio kama alivyoagizwa, kisha akatoka kwenda kutoa ripoti kwa Mzungu barazani.

"Bote bazima, bwana. Hakuna hata mumoja anakohoa."

Ndani, Dancille alijifuta mdomo kwa kiganja, akageuza maua upande wa pili.