Utepe wa Kaka Fida

…na kidole kikiwa hivi juu ya swichi ya soketi, sijabonyeza, kaka Fida nyuma yangu anauliza kama nasubiri shekhe aje anifungishe ndoa na ukuta, cheka wewe, cheka, nimesema leo nitawasha na leo haijaisha, ila niache kwanza nivute pumzi, maana kila kipya kilichomo ndani ya kasha hili la kompyuta ni zomo wa Ano, mama yangu, nusu ng'ombe nusu yaki, yule ng'ombe wa manyoya marefu wa milimani, mweusi, mwenye kidoa kwenye paji, Ano alimtoa zizini kwa mkono wake mwenyewe akamkabidhi mchuuzi, hakulia, alirudi akafagia zizi vizuri kama vile mwenyewe atalala humo usiku ule, na mimi nikashuka mjini Skardu nikarudi na madabodi mpya, prosesa mpya, memori mpya, nimevipakata njia nzima kama mayai, na hapo zomo akawa ameisha, hakubaki hata mkia wa kununulia pawa saplai, yaani kile kisanduku cha kuingizia umeme ambacho bila hicho vyote vile ni mapambo, muuzaji akanipa kimoja kipya nikishike, kwetu huku pawa saplai hupimwa kama tikiti maji, nzito ndiyo nzuri, nacho kilikuwa kizito kweli, nikamrudishia, nikamwambia nyumbani tuna ya zamani, akacheka, akasema dada yangu, kufunga ya zamani kwenye vitu vipya ni kumpa mlevi gari jipya aliendeshe, nikamwambia asante, na njia nzima ya kupanda bondeni kwetu huyo mlevi nilikuwa naye kichwani… Bonyeza basi, anasema kaka, hiyo haijawahi kuniangusha hata siku moja, na ni kweli, alisema hivyohivyo siku aliponipa, akaifuta vumbi kwa mkono wa sweta yake, polepole, ndicho kitu pekee kilichobaki katika duka lake la kujazia watu nyimbo kwenye simu, harusi zikija nyimbo za harusi, Muharram ikija maombolezo, foleni mpaka nje, kisha mtandao ukapanda mpaka huku juu na foleni ikaisha, akauza skrini, akauza meza, akauza hata kile kibao cha mlangoni, hii pawa saplai hakuna aliyeitaka, akaileta nyumbani akaiweka juu ya kabati la nguo na mtu asiiguse, halafu mimi akanipa, sasa nitaikataaje, ningeikataa kwa mdomo gani… Ano naye anasema nini huko kando ya jiko, hasemi na mtu, anasema taa leo nyeupe mno, inamuumiza macho, sawa Ano, funga macho, unywe chai yako, chai yenyewe ya chumvi yenye maziwa ya unga, anasema ni tamu, anasema afadhali haina malai, ule utando mzito wa maziwa, wa kushika kooni, muongo mkubwa mama yangu, huyu ndiye aliyekuwa akisukasuka siagi yake kabla jua halijafika kwenye mlima, na kile chombo cha kusukia siagi kinaning'inia pale ukutani kikavu, kila nikikiona najua naangalia nini, najua, kwa hiyo kama huu ukuta utatoa moshi sasa hivi, kama ile madabodi itanuka, mimi nitamtazamaje, atasema hakuna neno mwanangu, hilo ndilo litakaloniua, hilo hakuna neno lake, bora anipige… hapana, haitanuka, bwana mmoja wa Lahore, mjenzi, amesema nikimletea mchoro wa ile nyumba mpaka Ijumaa kazi ni yangu, nyumba zote, mtaa mzima wa nyumba, na kichwani nimeshaichora, ngazi, dirisha la jikoni, nimeichora kwenye karatasi zilizofungiwa keki za harusi ya binamu yangu Hakima, alipokuwa hapa nilichorea kwenye kompyuta yake, akaolewa Gilgit akaondoka nayo, siwezi kungoja tena mtu mwingine asiolewe ndipo mimi nifanye kazi… Marzia, anasema kaka, umeme utakatika ukiwa umesimama hapo, mimi mwenyewe niliijaribu mbele yako, hukuona feni yake ikizunguka, niliona, kaka, niliona, ulichukua kipande cha waya ukagusisha, feni ikazunguka, ukapiga makofi kama mtoto, Ano akainuka akaja kuona, tulikuwa tumejifunika blanketi sote watatu, mvuke unatoka mdomoni, theluji dirishani, na uso wa Ano ulikuwa mwekundu, mwekundu wa nini, hakuwa na haya, hakuwa na homa, ilikuwa taa, taa ilikuwa nyekundu…

taa ilikuwa nyekundu. Ngoja. Ngoja kidogo. Ano hataki zile balbu mpya, anasema hazisemi ukweli, zinang'aa vilevile umeme uwe mwingi uwe kidogo, ile yake ya waya ndiyo mita yetu humu ndani, kijito kikiganda mtambo wa bonde unakosa maji na taa inakuwa kaa la moto tu, theluji ikiyeyuka kijito kinafura na taa inakuwa nyeupe, na leo nyeupe, amesema sasa hivi, inamuumiza macho, na sisi tulijaribu ikiwa nyekundu, na kile kiswichi, jamani, kile kiswichi chekundu cha nyuma ya pawa saplai, cha mia moja na kumi na tano au mia mbili na thelathini, bonde zima tunakijua, baridi ikianza wenye kompyuta wote wanakisukuma kwenye ile namba ndogo ili mashine ikubali umeme mchovu, hakuna anayefundishwa, unamwona jirani na wewe unafanya, na theluji ikiyeyuka unakirudisha kwenye namba kubwa, na kila mwaka yupo anayesahau, kila mwaka unasikia pu! kwenye nyumba ya mtu na watu wanasema haya, masika yameingia, wanacheka, mwaka juzi tulimcheka mwalimu Sherali mpaka tukatoa machozi, na kaka, kaka alifunga duka lini, alifunga wakati wa barafu, akabandika utepe mweusi juu ya kile kiswichi kisisogee, utepe upo, nimeuona wakati nafunga skrubu nikafikiri ni wa kuzibia ufa, nikaupapasa hata, nikasema kaka yangu mtu wa kutunza vitu… Kidole kikiteleza hapa kwa bahati mbaya kikabonyeza, zomo kaondoka. Mkono wa kulia ukae palepale, wa kushoto uende nyuma ya kasha, hivi, skrubu, matundu ya feni, waya, utepe huu hapa, umekauka, unabanduka kwa ukucha, na nikiinama hivi naona, moja, moja, tano. Ilikuwa inanitazama hiyo namba. Nina hasira, nina hasira mpaka masikio yana moto, nataka kugeuka nimwambie we mtu, ungenilipulia mama yangu sebuleni huku unacheka, bonyeza, bonyeza, shekhe, ukuta… halafu nakumbuka ule mkono wa sweta, namna alivyoifuta. Alinipa alichokuwa nacho, hakuwa na kingine. Na mimi je, mimi nilikuwa nabonyeza kwa nini, si kwa sababu nimejua, nilikuwa nabonyeza ili anyamaze, na nadhani, Mungu anisamehe, ili ikiungua niseme ni yeye aliyesema.

Kaka, nasema bila kugeuka, utepe huu uliubandika lini? Utepe gani, anasema, bado ana kicheko mdomoni, huo, si siku ile nilipofunga duka, na hapo kicheko kinakatika, nasikia kikombe kinawekwa chini, nasikia anasimama. Taa, anasema kwa sauti ndogo. Marzia, toa kidole. Sasa yeye ndiye hana pumzi, anasema toa kidole mdogo wangu, acha, nitauza simu yangu, Jumamosi tutashuka tununue mpya, ile nzito, mimi mjinga, mimi mjinga kabisa, na Ano anauliza kuna nini, na mimi nachomoa pini ya ushungi kwa mkono wa kushoto, ushungi unaanguka begani, uanguke, ncha ya pini iko kwenye kile kiswichi chekundu, nasukuma, kigumu, kimezoea baridi, nasukuma tena, tak, kimekubali, nainama, mbili, tatu, sifuri, naisoma mara ya pili na ya tatu kama mtoto anayejifunza namba. Hukuwa mbovu, pawa saplai mzee wewe, ulikuwa umeachwa kwenye majira ya baridi na hakuna aliyekuja kukuambia yamekwisha. Kaka amesimama nyuma yangu, nasikia sweta yake inagusa bega langu, anasema usibonyeze, nakuomba, tungoje Jumamosi, na sauti yake ni ya yule mtu aliyeuza kibao cha mlangoni, nami namwambia, Kaka, hii haijawahi kukuangusha, kaa karibu uone, anakaa, Ano naye amekuja, ana kikombe mkononi, hasemi hakuna neno, anaitazama taa yake kisha ananitazama mimi. Bado inaweza kuungua, ni ya zamani, najua, ikiungua nitasema ni mimi, Ano, ni mimi niliyewasha, na nitatafuta njia nyingine, hata kwa karatasi za keki nitatafuta. Kidole kiko palepale kilipokuwa, kaka anasema ngoja, na mimi sasa ndiyo sina ninachongoja, bismillahi…