Lugha Iliyomeza Neno

Kipya kinyemi, ingawa kidonda. Tangu binti aiwekee mashine toleo jipya la lugha ya programu, sauti ya baba yake ilikuwa ikikatika.

Maradhi ya koo yalikuwa yamemnyang'anya mzee sauti, na macho nayo yalikuwa yamefifia, asiweze tena kuandika. Binti, mwandishi wa programu, aliokota silabi za baba kutoka kanda za zamani, akaziunganisha katika mashine ya kusemea, isiyo na skrini. Mzee akibonyeza vitufe, sauti yake ya ujana ilielea vyumbani polepole, kama harufu ya nguo zilizotoka kupigwa pasi.

"Usini," ilisema sasa, ikanyamaza.

Mzee akabonyeza upya. "Usini." Alikuwa mpanga herufi katika kiwanda cha chapa maisha yake yote; neno akishalichagua, habadilishi ng'o.

"Anasema usiniache," kaka mtu alinong'ona. "Nawe unataka kwenda kazi ya mbali!"

Jibu la kazi ile lilitakiwa jioni hiyo hiyo. Binti aliandika kwamba haendi, ila hakulituma. Roho ilimuuma. Kwanza, alijiambia, baba amalize sentensi yake.

Mchana kutwa aliipekua programu yake kama mtu atembeaye usingizini, mistari ikipita machoni kama ukungu. Hakuona kosa. Basi akaanza kuilisha mashine maneno. Ngoma: ikatamka. Ngazi: ikatamka. Ng'ombe: kimya.

Akazinduka. Akaingia ndani ya lugha yenyewe ya programu, iliyotungwa na watu wasiojua ng'ombe wala ng'ambo. Kosa lilikuwa limelala humo miaka mingi. Toleo jipya lilipita njia nyingine, likaliamsha. Kila ilipokutana na kile kialama cha juu cha ng', lugha ilidhani msemaji amemaliza.

"Kumbe kigugumizi si changu!" Akacheka peke yake. Akaandika kipande cha kulikwepa kosa lile, kisha akamsogezea mzee vitufe. "Haya baba, sema."

Mzee akabonyeza taratibu.

"Usining'ang'anie, mwanangu," ilisema ile sauti ya ujana, nzima, ikijaza chumba. "Nenda."

Kaka mtu akatazama sakafu. Mzee akajiegemeza kitini, ametua mzigo.

Binti akalia kwa kwikwi. Aliogopa kwenda, na moyoni alikuwa amelitaka mno lile usiniache.