Daftari la Watu Mia Nne

Kwata ndai, shika kitendawili! Nyumba yangu haina mlango wala dirisha. Ndani wamo watu mia nne, na ukiita "Mutindi!" wanaitika kumi na saba. Ni nini hiyo? Usikimbilie jibu kama kuku aliyeona mchwa. Mzinga wa nyuki? Hapana, nyuki hawana majina. Umeshindwa? Basi nipe kilima chote cha Nunguni na maji yake, nikuambie.

Ni daftari la wanachama wa chama chetu cha kahawa.

Unajua kwetu mtoto huitwa jina la nyanya yake au la babu yake. Mutindi wa Nzioka hajazeeka vizuri na tayari kuna Mutindi Nzioka mwingine anayepeleka kahawa kiwandani. Siku ya kupima wote wanafika asubuhi moja, na kadi ya nambari imeliwa na panya. Karani anaandika kilo za huyu kwa yule. Mimi nilikuwa nikipika chai na kufagia hapo ofisini. Nimeona kwa macho yangu akina mama wawili wa kwaya moja wakivuana vitambaa vya kichwa kwa sababu ya kilo kumi na mbili. Mimi pia ni Mutindi, kwa hivyo nilisimama mbali, nisije nikapigwa kwa ajili ya jina.

Mwaka wa sabini na mbili akaja Nthenya kutoka Kitui, akaajiriwa karani mdogo. Alikuwa msichana mwembamba, darasa la saba kama mimi, ila yeye alikuwa amejifunza taipu kwa mke wa pasta. Wiki ya kwanza alitazama tu watu wakigombana. Wiki ya pili alichukua kalamu nyekundu, na kando ya kila jina akachora alama ya ukoo, ile ambayo wanaume huchonga kwenye mizinga ya nyuki ili mtu asirine asali isiyo yake. Chini ya alama akaandika kijito anachochota maji mwenye jina. Hapo Mutindi Nzioka wa kijito hiki hawezi kuchanganywa na yule wa kile. Wazungu na shule zao zote hawakuwa wamefikiria jambo hilo, wala sisi wenye mizinga.

Mwaitu Kalondu, mama mzee ambaye hajui hata herufi moja, aliitwa aje ajitafute. Akainama, kidole kikatembea kwenye ukurasa, Nthenya akakisimamisha kwenye jina lake. Akainua kichwa.

"Wewe msichana, umeniozesha lini?"

"Nimekuozesha vipi, mwaitu?"

"Hii si alama ya kwetu! Umenipeleka kwa ukoo wa wengine bila hata mbuzi mmoja!"

Watu waliokuwa kwenye foleni walicheka mpaka madebe yakamwagika. Nthenya alishika kalamu asijue aiweke wapi. Mimi nikaweka sinia chini, nikachovya kidole kwenye chai, nikachora mezani. "Labda kwenu Kitui ina mkia mmoja," nikamwambia. "Huku ni miwili, na wa pili umepinda."

Mwingine angenikemea, mfagiaji kama mimi kumsahihisha karani. Nthenya alichora upya, akaomba Mwaitu Kalondu msamaha, akanishukuru mbele ya watu wote. Tangu siku hiyo akikwama huita, "Mutindi, chai!" nami najua si chai anayotaka. Baadaye akaanza kunipa kalamu.

"Chora wewe."

"Mimi ni wa chai, Nthenya."

"Chai imeshachemka. Chora."

Basi nilichora. Siku za msongamano aliniambia niandike na kilo kabisa, mwishowe ikawa karibu kila siku. Nilidhani ananitafutia kazi nisisinzie.

Kwa miaka mitano hapakuwa na ugomvi kwenye mizani. Halafu karani mkuu akastaafu, na Nthenya akaomba kile kiti. Mwenyekiti wetu, Mzee Kilonzo, akampa mpwa wake Ndolo, kijana mwenye suruali pana na cheti cha mjini. Nthenya hakununa. Alimwonyesha Ndolo wino uko wapi, na ufunguo upi unakataa kabati gani. Lakini jioni ile ile aliketi kwenye taipu, akaandika barua ya kuomba kazi. Aliiandika mara tatu kwa sababu herufi moja ya mashine ilikuwa inaruka juu kama panzi, na hakutaka barua yake ifike ikirukaruka.

Barua ilikwenda mjini Sultan Hamud kwa Mzee Hared, mtu wa kaskazini mwenye malori ya kubeba mifugo. Alitaka mtu wa kumwekea hesabu. Akamwita, na mimi nikamsindikiza, maana msichana haendi peke yake kwa tajiri asiyemjua.

Ofisi ilikuwa nyuma ya duka lake, kati ya magunia ya chumvi na ngozi za mbuzi. Mzee Hared hakumwuliza cheti. Alimsukumia rundo la karatasi za madereva na kusema, "Soma hizi, halafu uniambie kama mimi ni tajiri."

Nthenya alisoma saa nzima. Mwishowe akasema, "Mzee, wewe ni tajiri, lakini kuna mbuzi arobaini hapa ambao hawajazaliwa."

"Unasema?"

"Dereva aliwaandika walipopakiwa Garissa. Akalala njiani, akawaandika tena asubuhi. Mbuzi ni wale wale."

Mzee Hared alicheka mpaka akashika kofia isianguke. "Mwaka mzima nawatafuta hao! Binti, kazi ni yako, na mshahara ni mara mbili ya ule wa milimani. Tarehe moja mwezi wa kumi uwe kwenye kiti hiki. Usipokuja, nimepata mwingine."

"Nitakuja, mzee."

"Ila niletee barua ya mwenyekiti wako, yenye muhuri. Anayetoka kwa watu vibaya, kwangu pia atatoka vibaya. Na uniambie, hao watu mia nne unamwachia nani?"

Nthenya akapanga upya karatasi za madereva.

"Hujajibu."

"Nitajibu, mzee. Jibu hilo lina wenyewe wa kulisikia kwanza."

Njia nzima ya kurudi moyo wangu ulikuwa mzito. Nilimjua Mzee Kilonzo. Muhuri wake ulikuwa mgumu kutoka mfukoni kuliko jino.

Jumatatu kamati ikaketi, na wanachama wakajaa mlangoni. Mwenyekiti akasoma barua ya Nthenya, akaikunja ndogo kabisa.

"Muhuri hautoki. Kahawa imepanda bei, msimu unaanza, na michoro hii ni yeye tu anayeijua. Tukimwachilia, hapa patakuwa na vita."

"Ndolo yuko, mwenyekiti," Nthenya akasema. "Nilimwonyesha."

"Ulinionyesha," Ndolo akajibu, "lakini mimi nilisomea uhasibu. Sikusomea nyuki."

Mwaitu Kalondu akapiga fimbo sakafuni. "Mwachilie mtoto wa watu, Kilonzo! Mbuzi hafungwi kamba milele kwa kuwa maziwa yake ni matamu."

"Na kilo zako zikipotea, mwaitu, utalilia nani?"

Mwaitu Kalondu akaishusha fimbo. Hata yeye alizipenda kilo zake. Na tarehe moja ya Mzee Hared ilikuwa Jumamosi ile.

"Basi, isisemwe mimi ni mkatili," Mzee Kilonzo akasema, akautoa muhuri na kuuweka mezani ambapo kila mtu aliuona. "Swali ni moja tu. Nijibu vizuri, niupige sasa hivi. Daftari hili unamwachia nani?"

Mimi nilikuwa namimina chai, nikaogopa hata mlio wa birika. Nthenya akafungua daftari, akalisukuma mbele ya mwenyekiti.

"Tazama kurasa hizi za tangu Januari. Kuna mtu aliyelalamika?"

Mzee akavaa miwani, akafunua moja, akafunua nyingine, polepole. "Hakuna."

"Kuna alama iliyokosewa?"

Mwaitu Kalondu akasogea, akaingiza kidole chake, akajipata. "Hakuna," akasema yeye.

"Mwandiko ni safi," Mzee Kilonzo akakubali. "Ndiyo sababu nakataa uende."

"Wangu uliishia Desemba, mwenyekiti." Nthenya akaja nilipo, akaichukua birika mkononi mwangu na kuiweka chini. "Namwachia Mutindi, huyu anayekumiminia chai."