Ngassa Anarudi Tinde

Mbuke hakuja kutazama viboko. Angekuwa na uwezo angewapiga mawe wote. Kiboko ndiye aliyempindulia mumewe Ngassa mtumbwi katika kinamasi hiki cha ziwani, mwaka juzi, siku alipopata mapumziko mgodini Geita akaja kuvua. Mwili haukuonekana. Baadaye Serikali ikaja na vibao vyake: pori la akiba, mnyama asiguswe. Mwenye ruhusa anaingia, anatazama, anatoka mikono mitupu.

Sasa kamwambie hayo mama mkwe wake kule Tinde! Bibi Nyamizi alikataa katakata matanga yaanuliwe. Aliyetamka kwamba Ngassa amekufa alifukuzwa uani. "Nileteeni mwanangu," alisema, "hata kama ni udongo wa mahali alipolala." Akaacha kula, akakonda hadi bangili zikawa zinamvuka zenyewe. Mbuke akaona akizubaa atamkosa na huyu, akadandia lori kuja huku.

Askari wa wanyama aliyempokea getini aliitwa Kibwana, mtu wa makamo, mwenye kaptula ya kaki na maneno machache. Alimpitisha juu ya magogo katikati ya matete. Nzohe, swala wa majini, walisimama ndani ya maji hadi tumboni, wakawatazama bila hofu. Ndege weupe walitua kwa mamia juu ya mafunjo. Mahali pazuri, tuseme ukweli, na Mbuke alipachukia kwa uzuri huohuo.

"Ni hapa mtumbwi ulipopinduka, Mama," Kibwana akasema, akionyesha maji meusi yaliyotulia.

Mbuke akapiga magoti, akachota tope, akafungua pindo la kanga.

"Hapana, Mama. Hapa hakitoki kitu."

"Hata tope?"

"Hata unyoya. Mizigo inapekuliwa getini. Nitafukuzwa kazi, na nina watoto."

Mbuke hakumbembeleza. Aliliacha tope lidondoke, akamkazia macho. "Wewe usiye na huruma, kwenu ni wapi?"

"Kisarawe. Mimi Mzaramo."

"Ala! Kumbe ni mtani wangu anayeninyima tope la mume wangu. Mimi Msukuma wa Tinde."

Uso wa Kibwana ukabadilika. Mababu zao walikutana zamani kwenye misafara ya kwenda pwani, wakauguzana, wakazikana njiani. Tangu hapo Mzaramo na Msukuma hutukanana pasipo ugomvi, na kwenye msiba mtani ana haki yake: humwigiza marehemu, humcheka, hata hudai chakula chake. Hakuna anayemkasirikia.

"Wasukuma nyie," Kibwana akasema taratibu. "Babu zenu walifika pwani wakaonja bahari, wakauliza ni mke gani aliyezidisha chumvi."

"Na babu zenu wakawauzia ndoo ya pili ya mchuzi huohuo."

Mbuke akacheka, kisha akaona aibu, kwa kuwa alikuwa hajacheka tangu msiba ulipoingia. Kibwana akavua kofia, akayatazama yale maji kwa muda.

"Mumeo alikuwa anatembeaje?"

"Kwa nini?"

"Tope siwezi kukupa. Mtu ninaweza."

Akaomba ruhusa ya siku chache, wakapanda lori pamoja. Njia nzima Mbuke alimfundisha: mguu wa kushoto alikuwa akiutupa nje tangu alipoumia mgodini, alikuwa akikohoa kabla ya kubisha hodi, na alipomwita mama yake alisema Mayu, kama Wasukuma wote. Kuna mahali Mbuke alisita akisimulia, na Kibwana akageuka kutazama nje mpaka Mbuke alipomaliza kujifuta macho.

Walipofika Tinde, Kibwana akatangulia. Akakohoa. Akaingia uani akichechemea, kofia upande.

"Mayu! Wanasema nimekufa. Ndiyo maana hapa hapapikwi?"

Majirani wakaanza kucheka, kisha wakanyamaza wote, maana mguu ulikuwa uleule. Bibi Nyamizi akainuka kwa shida. Macho yake yalikuwa mazima. Alijua vizuri kwamba huyu ni mtani. Akamtazama kichwa hadi miguu, akakawia kwenye ule mguu wa kushoto. Akaenda jikoni, akamkataza kila mtu kumsaidia, akasonga ugali kwa mikono yake iliyokonda, akauleta na maziwa ya mgando.

Akaketi mbele ya Kibwana, akamwangalia akila. Kila tonge alilifuata kwa macho. Kibwana alimaliza chakula chote. Bibi akamfuta mdomo kwa pindo la nguo yake.

"Umeshiba?"

"Nimeshiba, Mayu."

"Basi nenda, mwanangu. Nenda salama, wala usigeuke."

Kibwana akaondoka akichechemea. Alipopotea nyuma ya ua, Bibi Nyamizi akamshika Mbuke mkono, akauliza kwa sauti ndogo, "Ameshafika mbali?"

"Ameshafika, Mayu."

Ndipo yule mama akaangua kilio cha kumlilia mwanawe.