Begi la Zipu Mbovu

"Bomu gani linapulizwa, fundi? Hebu niambie!" Mama Wageni alikuwa anampungia fundi viatu kipande cha tarumbeta la plastiki usoni. Mtaa mzima ulishatoka nje, hata wale waliojidai wanafagia.

Jina hilo alibandikwa mwezi huo huo, alipopaka nyumba rangi, akahamia jikoni na wanawe, vyumba akawaachia mashabiki sita waliokuja kwenye mashindano. Asubuhi ile mmoja alilalamika zipu ya begi lake imeng'oka. Mama Wageni akalivusha barabara hadi kwa fundi. Hakumkuta. Akaliacha juu ya meza, kama watu wanavyoacha viatu vyao siku zote, akarudi kuinjika chakula.

Fundi aliporudi akaliona, akapiga simu. Polisi wakafunga mtaa, wakalivuta kwa kamba hadi barabarani, wakalilipua. Matarumbeta yaliyokuwa ndani yakaruka mpaka juu ya mabati. Kufikia adhuhuri mashabiki wote sita walishahamia hotelini.

"Umenifukuzia wageni! Nani atakuja tena? Mtaa umeshatajwa redioni!"

"Nilishasema, dada. Mabegi sishoni."

"Maringo tu hayo! Zipu ni zipu!"

Fundi akakaa kwenye kigoda chake. Akaongea chini chini hadi wenye mafagio wakasogea.

"Siku ile ya sokoni, mtu aliniletea begi. Zipu mbovu, akasema, atalipitia jioni. Uzi ulikuwa umeniishia. Nikamwambia mke wangu, kaa hapa uliangalie, nakuja sasa hivi."

Akaishia hapo. Kwamba mkewe alifia sokoni bomu lilipolipuka, kila mtu alijua. Habari ya begi hakuna aliyekuwa nayo, tena katika mtaa ambao hata ndoto yako wanaijua kabla hujapiga mswaki.

Na hilo neno la maringo, nani aliyelianzisha? Mama Wageni mwenyewe, kisimani, huku akicheka. Akatazama madirisha yake mapya. Vyumba vitupu vilimuuma bado, na vingemuuma kesho. Akaweka kile kipande cha tarumbeta chini, taratibu.

"Nina sufuria ya watu sita imeiva," akasema. "Funga meza, shemeji."

Shemeji. Hajamwita hivyo tangu msiba.

"Sina njaa, dada."

"Nani kakuuliza njaa? Ingia ndani ule."