Pembe ya Watu Wema

Katapila lilikuwa lije Ijumaa, na hiyo ilikuwa Jumatano. Delia alikuwa amesimama mezani, mikono yote imejaa unga wa mkate wa magadi, mwanawe Colman alipoingia kutoka malishoni na kuvua mabuti mlangoni.

"Nimeongea na mwenye katapila, mama. Saa mbili asubuhi yuko hapa. Ataanzia ile pembe ya juu ya malisho."

Mikono ya Delia ilisimama ndani ya unga.

"Ile pembe haiguswi."

"Haya, tumeanza."

"Ni ya Watu Wema, Colman. Unajua hivyo tangu hujaweza kutembea. Hawaonekani, lakini wanaishi chini ya yale mawe, na anayewachimbua hapati usingizi tena."

Colman alicheka mpaka akashika kiti. "Mama, nina miaka hamsini na tatu na kisukari juu. Waje tu hao Watu Wema wanizabe makofi, huenda sukari ikashuka."

Nuala, binti yake Colman, alikuwa ameketi upande wa pili wa meza, amekunjua mchoro wa nyumba yake mpya, ya kujengwa pale juu. Ncha moja ameikandamiza kwa sahani ya siagi, nyingine kwa chupa ya jemu. Kibali cha ujenzi alikisubiri miezi kumi na moja, naye na mumewe wakipanga chumba kimoja mjini Ballina.

"Mimi sitaki ugomvi na majirani, baba," alisema. "Wakinichukulia kuku, utalipa wewe?"

Wakacheka wote wawili. Delia hakucheka. Aliuviringa mkate, akauchora msalaba juu kwa kisu kama ilivyo desturi, akautia jikoni, akafunga mlango wa jiko taratibu sana.

Kila mtoto wa kilima kile alikuzwa na maneno hayo. Usikanyage pale, Watu Wema watakubeba. Watoto waliogopa, wakapita mbali, na wakubwa wakatazamana wakanyamaza, maana wao walijua kilichokuwa pale. Lakini uongo ule waliupika vizuri kupita kiasi. Siku watoto walipoacha kuwaamini Watu Wema, hakukubaki kitu kingine cha kuilinda pembe ile. Sasa Delia alikuwa na leo na kesho tu.

Alifuta mikono kwenye aproni.

"Colman, keti."

"Nimekaa, mama."

"Basi kaa vizuri."

Colman akakaa vizuri.

"Hakuna Watu Wema kule."

"Si ndivyo ninavyosema mimi?"

"Kuna kaka yako."

Nuala aliondoa mikono yake juu ya mchoro, kana kwamba karatasi imepata moto.

"Kaka gani?" Colman aliuliza.

"Mkubwa wako. Mwaka wa sitini na nane, mwezi wa tisa, tunachimba viazi. Alizaliwa kimya. Mkunga alimfunga katika kitambaa cha meza, kile cha harusi yangu, akampa baba yako, Festus. Padri alisema mtoto asiyebatizwa hana nafasi makaburini. Basi akina baba walikuwa wanawapeleka wenyewe pale juu, alfajiri, na kuwawekea jiwe. Sisi mama zao tulikuwa kitandani, hatukuambiwa kitu. Festus alirudi, akanawa mikono, akaenda kukamua ng'ombe."

Colman alisimama, akaketi tena. Uso ulikuwa umemwiva.

"Miaka yote hii! Nimechungia kondoo juu yake, mama!"

"Najua. Nilikuwa nakutazama dirishani."

"Na ukanyamaza."

"Nikanyamaza. Wako wa majirani zetu akina Gaughan kule, na wawili wa shangazi yako. Tulinyamaza sote."

"Si haki hiyo."

"Si haki," Delia alisema. "Nilikuwa na miaka ishirini na mbili. Padri akishasema, nani amwulize mara ya pili? Nyinyi mnauliza. Ni vizuri mnauliza."

Nuala alizunguka meza, akampangusa bibi yake unga shavuni kwa kidole gumba. "Lakini siku hizi, bibi, mapadri wenyewe wanakwenda kuyabariki makaburi ya namna hiyo."

"Wanakwenda wakiitwa, mwanangu. Hapa nani aliita?"

Colman alikuwa anaangalia sakafu. "Jiwe lake ni lipi?"

"Sijui. Baba yako hakuniambia, nami sikumwuliza. Nilidhani alishasahau. Nilimwekea kinyongo kwa hilo, Mungu anisamehe, mpaka tukamzika."

"Kuna jeupe," Colman alisema polepole. "Chini ya mti wa miiba. Kila mwaka baba alikuwa analing'olea majani, kwa mkono, anapiga magoti kabisa. Nilimwuliza nikiwa mdogo. Akaniambia Watu Wema wana mlango pale, usipousafisha wanashindwa kutoka."

Delia alitafuta kiti kwa mkono, akakipata. Alilia bila sauti, na ukimwangalia usingesema ni huzuni tupu.

Colman alichukua simu, akatoka nayo uani. Walimsikia akisema, "Hapana, usije. Si Ijumaa wala siku nyingine." Nuala alikuwa ameshaukunja mchoro.

"Bibi, nitajenga chini, karibu na barabara."

"Kule kunatuama maji. Na kibali utaanza upya."

"Nitaanza upya. Nimeshazoea chumba kimoja, na mume wangu hakoromi sana."

Walipanda watatu, Delia katikati, wameshika mikono yake huku na huku. Hakuwa amepita lango lile la malisho hata mara moja tangu aolewe pale. Chini ya mti wa miiba majani yalikuwa yamelifunika jiwe, kwa kuwa Festus alikuwa na miaka sita kaburini. Delia alipiga magoti, akaanza kuyang'oa, shina moja moja, akikung'uta udongo.

"Alikuwa na jina?" Colman aliuliza.

"Halikuruhusiwa."

"Sikuuliza kama liliruhusiwa, mama."

Delia aliendelea kung'oa. Hakuwa amelitamka jina lile mbele ya mtu yeyote, hata mbele ya Festus.

"Enda," alisema. "Nilimwita Enda, jina la yule mtakatifu wetu wa kale."

Colman alivua kofia. Mtu mzima, mwenye mvi, alisimama akiigeuza kofia mikononi, hajui mtu huanzia wapi. Kisha akainama.

"Shikamoo, kaka Enda," alisema.

Na Delia, kwa kuwa mtoto hakuwa na sauti, akaitikia kwa niaba yake. "Marahaba."