Daktari Kasiva na Mashapo ya Tembo

Daktari Kasiva Musembi alikuwa mwanamke wa kwanza katika chuo chake kubobea katika protini. Pia aliimba sauti ya pili katika kwaya ya kanisa dogo la Kibarani, mjini Kilifi. Pombe hakuwahi kuionja. Mwaka 1984 kazi yake ilihitaji tembo la mnazi kila asubuhi.

Alikuwa akitafuta kimeng'enya, yaani protini ambayo hamira ya tembo huitumia kukata sukari. Basi alfajiri alivuka kwa feri hadi Mnarani, kwa mgema aliyeitwa Randu, akachukua mashapo meupe yanayotuama chini ya tembo lililolala.

"Wateja wangu huulalamikia uchafu huu," Randu alimwambia. "Wewe ndio unaoutaka."

"Tembo lenyewe baki nalo."

Randu alimtazama kwa huruma.

Kwenye feri harufu ya gudulia lake la mashapo ilimtangulia. Monicah, kiongozi wa akina mama kanisani, aliinusa mara mbili kabla ya kupeleka habari. Jumamosi moja Kasiva akaitwa mbele ya wazee.

Asubuhi hiyohiyo, baada ya miezi ya kuchuja na kutia chumvi, alikuwa ameipata protini yake ikiwa safi: matone machache, meupe kama maji. Aliiweka kwenye bakuli la barafu juu ya meza ya maabara, akijua atarudi upesi.

Kikao kilianza kwa maombi, kisha paa la kanisa, kisha sare za kwaya. Kasiva alingoja nje kwenye benchi hadi alasiri, ndipo akaitwa ndani.

"Tumesikia unabeba tembo," akasema Mchungaji Laban.

"Ni mashapo tu, mchungaji. Tembo namwachia mgema."

Mzee Ochola aliinua uso. "Unaacha tembo, unachukua mashapo?"

"Ndiyo, mzee."

Jibu hilo liliwatia wasiwasi zaidi.

"Hiyo protini haipatikani kwenye maziwa?" Laban aliuliza.

"Ya maziwa ni nyingine."

Wakamsimamisha kuimba kwaya mpaka atakapopata protini ya namna nyingine.

Aliporudi, barafu ilikuwa imegeuka maji ya uvuguvugu na chumba chenye paa la bati kilikuwa kama tanuri. Protini nyingi huharibika kwa joto, kama ute wa yai unavyoganda. Kasiva akaketi, akalia kidogo. Kisha, kwa kuwa hakupenda kumwaga kitu bila kukipima, akaitia kwenye maji ya sukari.

Ilikata sukari sawasawa na asubuhi.

Alidhani amekosea, akarudia. Akaipasha moto kwenye jiko la mafuta ya taa, akapima tena. Iliendelea kufanya kazi. Hakuwa amesoma popote juu ya kimeng'enya cha tembo kinachostahimili joto namna ile. Usiku huo hakula.

Makala yake ilichapishwa ng'ambo mwaka uliofuata. Mwishoni alimshukuru Randu, na baraza la wazee kwa kumchelewesha. Mchungaji Laban aliyasoma maneno hayo madhabahuni, akiyatafsiri mwenyewe, na watu wakapiga makofi.

Kasiva akarudishwa kwenye kwaya. Nafasi yake katika sauti ya pili ilikuwa imeshapewa Monicah, kwa hiyo akaimba ya tatu, ambayo ilikuwa chini mno kwake.